Siku Ukuta wa Darasa Ulipouma

Mama yangu ni fundi wa nguo, na sumaku ya kwanza niliyoishika maishani ilikuwa yake. Alishonea katika chumba kile kile tulicholala, Kawangware, ukikaribia Satellite, na kila jioni sakafu ilikuwa imejaa pini. Hakuziokota kwa vidole. Alikuwa na sumaku nyeusi ya duara iliyotoka kwenye spika ya redio iliyokufa. Aliifunga kwa kamba akaiburuta sakafuni kama mtu anayetembeza mbuzi. Pini ziliruka zenyewe zikaishika. Vifungo vilibaki palepale, na uzi pia.

Nilimuuliza kwa nini vifungo havishiki.

"Ni vya plastiki," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Na kwa nini plastiki haishiki?"

"Hilo utaulizia shuleni."

Nikaulizia shuleni, na sijaacha kuuliza. Tofauti ni kwamba siku hizi mimi ndiye ninayesimama mbele ya darasa. Nafundisha sayansi katika shule ndogo ya Kibera, si mbali na Soko la Toi, na bado nalala Kawangware. Shule yenyewe ni ya mabati kuanzia chini hadi juu: kuta mabati, paa mabati, mlango fremu ya mbao iliyovikwa mabati. Jua likiwaka tunaokwa. Mvua ikinyesha nafundisha kwa ishara.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimepewa darasa la saba, na katikati ya muhula tukafika kwenye sumaku na umeme. Mwalimu mkuu wetu, mama mrefu kutoka upande wa ziwa, mtu wa maneno machache, aliniita ofisini.

"Hiyo mada ya stima utaifundisha na nini?" akaniuliza. "Hii shule haina hata soketi moja."

"Soketi sitaki, Madam. Nataka betri za tochi, waya na spika zilizokufa."

"Spika zilizokufa zipo Toi," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Toi nilimkuta mzee anayeuza vyombo vilivyoharibika, redio zisizo na mgongo na pasi zisizo na waya. Nilipomwambia nataka spika, akaanza kunitafutia zile zinazolia. Nikamwambia hapana, zilizokufa kabisa. Akasema hajawahi kupata mteja mzuri kama mimi. Niliondoka na mfuko mzito, nikakaa Jumamosi nzima na bisibisi, mama akinicheka kutoka kwenye cherehani, hadi nikapata sumaku za kutosha kila meza.

Mimi siamini kumwambia mtoto jibu kabla hajabisha. Kwa hiyo siku ya kwanza sikueleza kitu. Niliweka vitu mezani, msumari, kijiko, kifuniko cha soda, penseli, kipande cha kioo, sufuria ndogo, nikawaambia waseme kwanza ni kipi kitashikwa na sumaku na kipi hakitashikwa. Baadaye ndipo wajaribu. Kuhusu penseli hakuna aliyebisha. Msumari nao walikubaliana. Vita vilikuwa kwenye sufuria.

"Itashika," wakasema wote. "Sufuria ni chuma."

Haikushika. Wakaigeuza. Wakajaribu chini, wakajaribu mkono wake, wakabadilisha sumaku. Mmoja akasema sumaku imechoka. Wakairudisha kwenye msumari, ikashika vizuri tu.

Hapo ndipo niliposema. Sisi kwa Kiswahili chetu tunaita chuma karibu kila kitu kigumu kinachong'aa, lakini sumaku inachagua zaidi yetu. Inavuta chuma chenyewe na vitu vichache vinavyofanana nacho. Sufuria ni alumini. Waya wa ndani wa stima ni shaba. Hivyo vyote ni metali, ila sumaku haina habari navyo. Waliandika, lakini niliona kwamba walichokuwa wamekishika ni ile sufuria kukataa.

Kisha mtu akagundua kwamba sumaku inashika ukuta. Sikuwa nimefikiria hilo, na lilikuwa wazi kabisa: mabati ni chuma kilichopakwa. Kufikia mwisho wa wiki darasa lote lilikuwa limebandika michoro yake ukutani, kila karatasi imebanwa na kipande cha sumaku. Kwa mara ya kwanza tangu niingie shule ile darasa langu lilikuwa na kuta zenye rangi. Mwalimu mkuu alipita, akasimama mlangoni, akatingisha kichwa kwa kukubali, akaenda.

Kitu ambacho ukuta ulitunyima ni dira. Tulisugua sindano ya mama kwa sumaku, upande mmoja tu, mara nyingi, bila kurudi nyuma. Tukaichomeka kwenye kipande cha slipasi kuukuu na kukiweka kielee ndani ya beseni la maji. Nilikuwa nimewaahidi kwamba itaonyesha kaskazini. Ikaonyesha ukuta. Tukaisogeza meza nyingine, ikaonyesha ukuta mwingine. Wakanitazama kwa huruma.

"Tokeni nje," nikasema.

Pale uwanjani, mbali na mabati, sindano ilizunguka polepole ikatulia ikielekea upande wa Ngong Road, yaani kaskazini. Waliisukuma kwa kidole, ikarudi. Waligeuza beseni zima, sindano ikabaki inaangalia kule kule.

"Nani anaivuta, Tichaa?" msichana mmoja akauliza.

"Dunia."

"Dunia ni sumaku?"

"Sumaku kubwa, ila nguvu yake ni ndogo. Ndiyo maana mabati yaliishinda."

Msichana huyo ndiye ninayetaka kumweleza, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalimpitia yeye. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyekaa safu ya pembeni kando ya ukuta. Hakuwa wa kwanza katika somo langu. Alipenda historia zaidi, na aliniambia hivyo waziwazi. Lakini mikono yake haikuogopa kitu. Tulipofika kwenye umeme, nikagawa betri, balbu za tochi na vipande vya waya, nikawaambia wawashe. Meza nyingine zilishika waya mmoja tu, zikangoja. Yeye alichukua vipande viwili, akawasha balbu.

Nikamwambia awaeleze wenzake.

"Stima lazima irudi," akasema. "Inatoka huku kwa betri, inapita kwa balbu, inarudi hapa nyuma. Ukiikatia njia ya kurudi, haiendi."

"Nani amekufunza?"

"Buda yangu hufanya kazi ya stima."

Wenzake wakatazamana, na mimi nikaelewa. Pande zile kulikuwa na watu waliovuta umeme kutoka kwenye nguzo bila kibali na kuugawa nyumba kwa nyumba, waya ukipita juu ya mapaa. Watu waliwalaumu mchana na kuwapigia simu jioni taa zikizima. Baba yake alikuwa mmoja wao. Nilimshukuru kwa maelezo, kwa sababu yalikuwa sahihi, nikaendelea.

Wiki iliyofuata tulitafuta vitu vinavyopitisha umeme na visivyopitisha. Kila kitu kiliwekwa katikati ya njia na balbu ikatoa hukumu. Ile sufuria iliyokataa sumaku iliwasha balbu mara moja, na wakashangilia kama imefaulu mtihani wa marudio. Mbao kavu haikuwasha. Slipasi haikuwasha. Risasi ya penseli iliwasha kidogo. Maji ya chumvi, kwa betri kadhaa na kitaa kidogo nilichokitoa kwenye kiberiti cha gesi chenye tochi, yalitoa mwanga hafifu, na nikawasimamisha hapo.

"Mmeona maji?" nikasema. "Sasa kila mtu afikirie mwili wake. Una maji na una chumvi."

Niliwaeleza kwamba betri ya tochi msukumo wake ni mdogo, hauwezi kupenya ngozi ukamdhuru mtu. Msukumo wa ile stima ya nguzo ni mkubwa mno, na hauhitaji waya wa kurudi kama wetu; ukisimama chini umelowa, ardhi yenyewe ndiyo njia ya kurudi na wewe uko katikati. Niliwafundisha mambo matatu na nikawafanya wayarudie hadi wakachoka: usimshike mtu aliyeshikwa na stima, kwanza ikatwe, na kama haiwezi kukatwa, tumia kitu kikavu cha mbao au plastiki, ukiwa umesimama pakavu.

Mvua ilikuja Alhamisi mchana. Ilianza na upepo mkali uliotoka upande wa Nyayo Highrise, mabati yakapiga kelele, na maji yakaanza kuingia chini ya ukuta na kutambaa sakafuni. Tulifunga mlango kwa ndoano. Nikawapa kazi ya kuchora, maana kusikilizana hakungewezekana. Yule msichana aliona matone yanatiririka ukutani juu ya mchoro wake, akainuka aubandue.

Niliona mkono wake ukiruka nyuma. Alirudi hatua mbili, akakishika kiwiko. Wenzake wawili wakacheka wakidhani anaigiza. Akaja mbele moja kwa moja hadi mezani kwangu ili nimsikie.

"Tichaa, ukuta unauma."

"Unauma vipi?"

"Kama stima."

Hakuwa amelia. Alikuwa amevaa viatu vya raba na nadhani ndivyo vilivyomwokoa. Nilimwamini papo hapo. Nikapiga meza kwa kifutio hadi wote wakageuka, nikapaza sauti kuliko mvua.

"Kila mtu juu ya benchi. Sasa hivi. Mtu asiguse ukuta."

Walinisikia. Msichana mmoja aliyekuwa karibu na ukuta alitaka kuokoa mchoro wake, jirani yake akamvuta kwa sweta. Tuliburuta mabenchi katikati mpaka yakawa kama kisiwa, wote wakapanda, vichwa karibu viguse mbao za paa. Sura zao zilinigeukia. Naweza kusema nilikuwa naogopa, na nilikuwa, lakini nilijua pia nini cha kufanya, na hilo hubadilisha woga ukawa kitu kingine, kitu kinachofanya kazi.

"Tuko wapi?" nikawauliza.

"Juu ya benchi."

"Benchi ni nini?"

"Mbao."

"Kavu au imelowa?"

"Kavu."

"Basi tuko sawa. Sasa tunatokaje?"

Mlango ulikuwa umevikwa mabati na ndoano yake ilikuwa ya chuma. Yule msichana akaonyesha ufagio uliokuwa umeegemea meza yangu, ule wa mti mrefu. Nikaupapasa mti wake wote, ulikuwa mkavu. Nikiwa juu ya benchi la mwisho, lililoangalia mlango, niliinua ndoano kwa ncha ya mti. Iliteleza mara ya kwanza. Mara ya pili ikainuka, nikausukuma mlango, upepo ukamaliza kuufungua na kuubwaga nje.

Tulipanga mabenchi mawili kama daraja hadi kizingitini, na wakatoka mmoja mmoja, mikono imekunjwa kifuani kama nilivyowaagiza, wakaruka hadi uwanjani kwenye mvua. Nilitoka wa mwisho. Walikuwa wamesimama mbali na jengo, wamelowa, na hakuna aliyekosekana.

Mwalimu mkuu alikuja akikimbia na mwavuli. "Mnafanya nini nje?"

"Usikaribie, Madam. Ukuta una stima."

Alisimama kama aliyefungwa breki, na bila kuuliza la pili akageuka kutoa madarasa mengine yote. Ni moja ya sababu ninampenda. Tukatazama juu. Waya mweusi uliopita juu ya paa letu kuelekea nyumba za nyuma ulikuwa umelegea, upepo ukiuburuta kwenye ukingo wa bati, huku na huku, na pale ulipogusa ulikuwa umechunika.

"Huo waya ni wa nani?" mwalimu mkuu akauliza, simu tayari mkononi.

Yule msichana, aliyekuwa kando yangu, akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Ni wa baba."

Alitaja namba yake ya simu kwa kichwa. Mwalimu mkuu akaongea kwa maneno manne au matano, akakata.

Baba yake alifika amevaa gambuti, mwanamume mfupi mnene mwenye koti la mvua, na alipita mbele yetu bila salamu akaenda moja kwa moja kwenye nguzo. Tulimwona akiukata waya. Alirudi akitembea polepole zaidi. Akajaribu ukuta kwa kitesta chake cha kupimia stima, akatazama, akajaribu tena, ndipo akaja tulipo.

"Imeisha," akaniambia. "Kuna mtu ameumia?"

"Mimi," binti yake akasema.

Naukumbuka uso wake wakati huo vizuri kuliko kitu kingine chochote cha siku hiyo. Alichuchumaa kwenye matope, akaushika mkono wa mtoto, akaugeuza juu na chini, akatafuta alama. Hakukuwa na alama.

"Uliguswa wapi?"

"Hapa. Lakini niliachana nayo haraka. Nilikuwa na raba."

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

Aliendelea kuushika ule mkono. Mwalimu mkuu akasema lazima aende kliniki apimwe moyo hata kama anajisikia vizuri, na baba akasema ndiyo, akamwinua binti, msichana wa darasa la saba, akambeba mgongoni mbele ya wenzake wote kama mtoto mdogo. Yeye hakukataa.

Kliniki walimwona mzima. Lakini kufikia Ijumaa habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima, na ilipozunguka ikageuka. Ilisemekana kwamba mwalimu wa sayansi alikuwa amejaza darasa betri na waya na sumaku, na vitu hivyo vikaivuta stima hadi ukutani. Wazazi wakaitisha mkutano.

Tulikutana Jumapili baada ya ibada, uwanjani, wengi wakiwa bado na nguo za kanisa. Aliyesimama kwanza alikuwa nyanya mmoja ambaye sote tunamwita Dani, mlezi wa wajukuu wawili shuleni petu. Hakunitukana. Aliongea kwa adabu, na hiyo ni ngumu zaidi kujibu.

"Mwalimu, sisi tunakuheshimu," akasema. "Lakini hii shule imekaa hapa miaka yote bila shida. Wewe umebandika sumaku kwa ukuta, ukaleta betri, na wiki hiyo hiyo stima ikakuja. Sumaku si inavuta?"

Watu wakaguna kukubali. Lilikuwa swali zuri, kusema kweli, na nililijibu kama ninavyojibu darasani. Nilitoa betri mbili mfukoni, nikaenda hadi alipokaa.

"Dani, shika hii. Kidole hapa na kidole huku."

Aliitazama betri, akanitazama mimi, akashika.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu."

"Betri za darasa langu lote ni kama hiyo. Nguvu yake ni ya kuwasha tochi." Kisha nikampa sumaku na kipande cha waya wa shaba. "Jaribu kuvuta huo waya."

Alijaribu. Akaugeuza waya, akajaribu tena. Haukusogea.

"Sumaku haivuti shaba," nikasema, sasa nikiwageukia wote, "na haivuti stima kutoka kwa paa la jirani. Stima ilikuja kwa ukuta kwa sababu waya uliochunika uligusa bati, na bati ni chuma, na chuma hupitisha. Watoto wenu walijua hivyo. Walijua benchi la mbao halipitishi. Mtoto mmoja alijua ufagio utafungua mlango. Nikiacha kufundisha hii mada, mvua ijayo watasimama wapi?"

Mtu wa nyuma akauliza, kwa sauti ya kutaka ugomvi, "Na huo waya ulikuwa wa nani?"

Mimi nilijua, na mwalimu mkuu alijua, na watoto wote wa darasa la saba walijua. Nilikuwa nimeamua kutolitaja jina mbele ya binti yake, aliyekuwa amekaa pale na wenzake. Baba yake akajitokeza mwenyewe kutoka upande wa choo, ambako alikuwa amesimama tangu mwanzo.

"Ulikuwa wangu," akasema. "Niliupitisha juu ya paa la watoto kwa sababu ndiyo ilikuwa njia fupi. Mwalimu hana makosa. Mtoto aliyeguswa ni wangu."

Vichwa vyote vikamgeukia. Aliyeongea kwanza alikuwa mwanamke anayekaanga samaki njiani, mama wa pacha wa darasa la tano.

"Na kwangu unapita wapi?" akamuuliza. "Si pia ni juu ya paa?"

Akakubali kwa kichwa.

"Na kwangu?" mwingine akauliza. Kisha mwingine. Ghafla mkutano haukuwa tena juu yangu. Kila mtu alikuwa anafikiria paa lake mwenyewe na waya uliolala juu yake, waya ambao aliuona kila asubuhi akitoka kuoga.

Sitadai kwamba yule baba aliacha kazi yake siku hiyo. Hakuacha, watu wenyewe hawakutaka aache. Lakini kwa majuma yaliyofuata alisimamisha nguzo za miti, akainua waya kutoka kwenye mapaa, akianza na shule. Wazazi walimsaidia kuchimba mashimo. Dani alimsimamia kutoka kwenye kigoda chake, akimuuliza kila waya aliofunga kama umefunikwa vizuri.

Jumatatu baada ya mkutano yule msichana hakuja. Jumanne alikuja, na wakati wa mapumziko nikasikia wenzake wakimtania kuhusu waya wa baba yake. Hawakuwa wakali sana, ila hawakuacha. Nilifikiria kuingilia kati nikahubiri, nikaona nitamfanya azidi kuonekana. Badala yake niliingia darasani na msumari mrefu, waya wa shaba niliofungua kwenye mota ya feni iliyokufa, na pini za mama.

"Nataka mtu ambaye mkono wake ni mtulivu," nikasema.

Walimwangalia yeye. Hata wale waliokuwa wakimtania walimwangalia. Akaja mbele, akaanza kuzungushia waya kwenye msumari, mzunguko kando ya mzunguko, bila kuacha nafasi, ulimi umetoka kidogo kwa makini. Akaunganisha ncha mbili za waya kwenye betri, akashusha msumari juu ya pini. Pini zikaruka zikaushika. Akatenganisha waya mmoja, zikaanguka zote mezani.

"Rudia," wakasema.

Akarudia. Zikapanda, zikaanguka. Msumari wa kawaida ulikuwa sumaku kwa muda ule tu ambao umeme ulipita, kisha ukarudi kuwa msumari. Niliwaambia kwamba hivyo ndivyo kengele inavyolia na mota inavyozunguka, kwamba umeme na sumaku ni ndugu, na ukimkuta mmoja anatembea, mwenzake hayuko mbali. Wote walitaka kujaribu. Yeye ndiye aliyewapanga foleni, na aliwapanga kwa ukali.

Alimaliza shule yetu akaenda zake, na ingawa ningependa kusema anasomea uhandisi, anasomea ualimu wa historia. Ananiandikia salamu kwa simu mara kwa mara.

Kampuni ya umeme ilipoleta mita katika upande ule wa Kibera, baba yake alipoteza wateja wengi. Nilisikia amehama, kisha nikaacha kusikia. Mwaka huu nilikutana naye Satellite, nikitoka kununua mboga. Alikuwa amepiga magoti nje ya duka dogo la mabati, akipigilia chuma kirefu ardhini kwa nyundo. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Mwalimu. Niaje."

"Poa. Na huku unafanya nini?"

Alisema alienda chuo akapata karatasi za kazi, na sasa anafunga stima kwa majengo na maduka. Nikamuuliza kile chuma ni cha nini, ingawa nilikuwa najua.

"Ni cha ardhi," akasema. "Waya unatoka kwa bati unashuka hadi hapa. Stima ikigusa bati siku moja, inapata njia yake ya kushuka chini bila kupitia kwa mtu, na kile kikatio cha stima kilicho ndani kinajizima. Mwenye duka alisema hataki, ni gharama ya bure. Nikamwambia basi atafute fundi mwingine."

"Akasema nini?"

"Si unaniona niko hapa."

Alipangusa mikono kwenye suruali, akaniuliza kama bado nafundisha, na kama watoto wa siku hizi wanasikia. Nikamwambia wanasikia vizuri, ila wanabisha kuhusu sufuria. Hakuelewa, nikamweleza, akacheka. Mwenye duka akatoka kuuliza kazi imefika wapi. Tukaagana, naye akarudi kupiga magoti na kuinua nyundo.